Jitu la konde la mpunga: kumtisha ndege kwa chipu ya bei ndogo

Jitu letu lilishindwa siku ya sita, na aliyeligundua kosa hakuwa mimi mwenye shahada ya pili. Alikuwa mtoto wa darasa la nne.

Tulikuwa tumelisimamisha katikati ya konde la mpunga Chokocho, kusini mwa Pemba, upande ule ambako mashua za kwenda Kisiwa Panza huondokea. Mifupa yake mianzi, nguo yake shati kuukuu, mkono mmoja unazungushwa na mota ya waipa iliyotolewa kwenye gari bovu, na kiunoni limefungwa debe tupu linalogongwa na kirungu. Kichwa tulikiacha bila sura. Mzee mwenye konde la pili alituambia mapema kwamba sanamu lenye macho na mdomo hataki kulipita akienda kusali, na sisi hatukuwa na hoja ya kumpinga. Ndege nao hawakuonekana kujali.

Chini ya Jitu, ndani ya kopo la plastiki lililozibwa kwa mkanda, kulikuwa na kontrola: chipu moja, transista moja, na waya ambazo nilizilehemu mwenyewe usiku. Kazi yake ilikuwa kuamua Jitu litikisike lini.

Basi siku ya sita mtoto wa mwenye konde akaniambia, "Kaka, jitu lenu mie nishalijua. Likishapiga mara ya tatu linalala sana. Hapo ndipo mie nakwenda kuoga."

Nikacheka. Halafu nikakaa na saa mkononi asubuhi nzima, na kumbe anasema kweli. Ili nieleze kilichotokea, lazima kwanza niseme kwa nini mtoto huyo alikuwa kondeni saa moja asubuhi wakati wenzake wako skuli.

Anayelima mpunga anajua neno kuamia. Ni kukaa kondeni kufukuza ndege, juu ya dungu au chini ya mti, na kombeo, debe na sauti yako. Kazi hii inakuja mpunga ukishatoa mashuke na punje zikaanza kujaa. Kutoka kuchanua hadi kukomaa ni kama siku 30, na katika siku hizo punje huanza ikiwa maji meupe kama maziwa, kisha hukaza kuwa kama unga uliokandwa, kisha huwa ngumu. Ndege anaipenda sana ile ya maziwa. Anaiminya kwa mdomo, anafyonza, anaacha ganda. Ukitazama kwa mbali shuke bado limesimama zuri, ukilishika ni makapi.

Ndege hula zaidi alfajiri na alasiri. Kwa hiyo mtu anatakiwa awe kondeni kabla jua halijapanda, na arudi tena jioni, kila siku, kwa wiki tatu au nne. Na anayepelekwa ni yule ambaye siku yake nyumbani inahesabiwa kuwa rahisi kuliko za wengine, yaani mtoto au bibi. Hakuna mzazi niliyezungumza naye aliyependa mtoto akose skuli. Walichosema ni kwamba mpunga ukiliwa, umeliwa.

Wageni wenyewe ni mnana, tongo, na mmoja ambaye mimi nilimfurahia zaidi kuliko mwenye konde alivyomfurahia: tongo wa Java. Utamjua kwa kichwa cheusi, shavu jeupe na mdomo mnene mwekundu. Asili yake ni Indonesia, aliletwa na watu kama ndege wa kufugwa tunduni, akatoroka, na leo anaishi Unguja na Pemba kama mwenyeji. Jina lake la kisayansi ni Lonchura oryzivora, na hilo neno la pili maana yake ni mla mchele. Ajabu ni kwamba huko kwao anahesabiwa miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, kwa sababu ya kuwindwa na kuuzwa. Mimi hilo lilitosha kuniondolea kabisa fikra ya sumu. Ukiacha huruma, konde liko karibu na maji, na kuku wa watu wanapita humo.

Basi kama hatuui, tunatisha. Na hapa ndipo wazo likatokea mahali pasipotarajiwa.

Huko Marekani, tarehe 31 Oktoba, watu husherehekea Halloween. Watoto hupita nyumba kwa nyumba kuomba peremende, na wenye nyumba hupamba baraza kwa mifupa ya plastiki, majeneza na mizimu. Mafundi wa nyumbani hushindana kutengeneza vinyago vinavyosogea. Mtoto akikanyaga ngazi, sensa inamwona, fuvu linainuka, taa inawaka, sauti inalia. Ndani ya kila kinyago kuna kontrola ndogo ya bei nafuu yenye orodha ya amri: subiri, mtu akija zungusha mota sekunde mbili, washa taa, piga sauti, zima, subiri tena. Nilipotazama video zao niliona kwamba kitu hicho hicho, ukikitoa barazani ukakipeleka bondeni, ni mtu wa kuamia.

Niliiga mzunguko wao wa umeme karibu wote. Kosa langu lilikuwa kuiga na fikra zao, lakini tulifike hilo taratibu.

Moyo wa kontrola ni mikrokontrola. Ni kompyuta nzima ndani ya kipande cha plastiki kirefu kama kiungo cha kidole: kuna sehemu ya kuhesabu, kumbukumbu, na pini za kutoa na kupokea umeme. Mimi nilitumia ATmega328P, chipu ile ile iliyoko kwenye bodi maarufu ya Arduino Uno. Arduino yenyewe ilianza 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa sanaa na ubunifu waliotaka vitu vyao visogee bila kwanza kuwa wahandisi. Chipu hii ina kilobaiti 32 za kuhifadhi programu na kilobaiti 2 tu za kumbukumbu ya kazi. Simu yako ingeiona kichekesho. Kwa kuamua debe lipigwe lini, ni nyingi kupita kiasi.

Unaandika programu kwenye laptopu, unaipeleka kwenye chipu kwa waya wa USB kupitia bodi, na baada ya hapo chipu inaikumbuka hata ukizima umeme. Unaweza kuichomoa kwenye bodi na kuilehemu peke yake. Hilo la kuichomoa ni muhimu, nitaeleza kwenye hesabu ya betri.

Kitu ambacho wanaoanza hukosea ni kufikiri pini ya chipu inaweza kuendesha mota. Haiwezi. Pini moja ni salama kutoa kama miliampea 20, inatosha kuwasha taa ndogo ya LED. Mota ya waipa inataka ampea kadhaa, yaani zaidi ya mara mia. Pini inatakiwa itoe amri tu, na kazi nzito ifanywe na transista. Ifikirie kama mfereji wa maji: kidole kinageuza kifunguo, nguvu ya maji inatoka kwenye tangi. Hapa tangi ni betri ya volti 12.

Na transista si yoyote. Mara ya kwanza nilinunua IRFZ44N kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Mota ikazunguka kwa uvivu na transista ikapata moto mpaka ikaniunguza. Transista ile inataka kama volti 10 kwenye mguu wake wa amri ili ifunguke kabisa, na chipu yangu inatoa 5. Ikawa imefunguka nusu, na nusu ya kufunguka maana yake umeme unapita kwa shida na shida hiyo inageuka joto. Ndugu yake, IRLZ44N, amefanyiwa hesabu ya volti 5. Herufi moja tu.

Mbele ya mota weka dayodi kwa kinyume, aina ya 1N4007 inafaa. Mota ni koili, na koili ukiikatia umeme ghafla hurudisha teke la volti nyingi linaloweza kuua transista. Dayodi inalipa teke hilo njia ya kuzunguka na kufa lenyewe. Na karibu kabisa na betri weka fyuzi. Betri ndogo ya gari la umeme la mtoto au ya mtambo wa kengele inaonekana mpole, lakini waya zake zikigusana inaweza kuyeyusha plastiki na kuwasha majani makavu.

Sensa niliiacha, tofauti na Wamarekani. Nilijaribu ile ya PIR, inayowasha taa za uani mtu akipita. Inafanya kazi kwa kuona mabadiliko ya joto mbele yake. Barazani usiku wa baridi, mtoto anang'aa kama jiko. Kondeni mchana, ardhi yenyewe ina joto karibu sawa na mwili, ndege ni mdogo kama ngumi, na majani yanacheza kwa upepo. Ilikuwa inaita wakati hakuna kitu na inanyamaza kundi zima likitua. Nikaamua Jitu litikisike kwa ratiba, liwe na ndege au lisiwe naye.

Sasa betri. Hakuna umeme wa gridi katikati ya bonde, ingawa Pemba yenyewe inaupata kutoka Tanga kwa kebo ya chini ya bahari tangu 2010. Bodi nzima ya Arduino Uno, hata ikiwa haifanyi kitu, inakula kama miliampea 45, kwa sababu ina vitu vingine vingi juu yake vinavyokesha. Kwa saa 24 hiyo ni zaidi ya ampea-saa 1. Chipu peke yake, ikiamriwa ilale, inakula maikroampea chache tu, yaani karibu hakuna. Regyuleta ya kawaida ya 7805 inayoshusha volti 12 kuwa 5 inakula miliampea 5 hivi, nayo kwa siku ni ampea-saa 0.12. Kumbe mlinzi wa mlango anakula kuliko mwenye nyumba.

Mota tuifanye inavuta ampea 3, sekunde 5 kila mara, mara 100 kwa siku. Hizo ni sekunde 500, na ukizidisha kwa 3 ukagawa kwa 3,600 unapata ampea-saa 0.42. Jumla na regyuleta ni 0.54 kwa siku. Betri ya ampea-saa 7 ya asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo tuna 3.5 za kutumia: siku sita bila kuona jua. Ningeiacha bodi nzima ndani, zingekuwa siku mbili na kidogo. Masika ya Pemba hukaa siku mbili bila jua bila hata kuomba radhi. Paneli ya wati 10, ikipata saa nne za jua zuri, inarudisha kama ampea-saa 2, hivyo siku moja ya jua inalipa karibu siku nne za kazi.

Kuna jambo dogo hapo: chipu ikilala kwa kutumia kengele yake ya ndani, haiwezi kulala zaidi ya sekunde 8 kwa mkupuo. Ukitaka ilale dakika 5, inaamka, inahesabu moja, inalala tena, mara 37 au 38. Nililiona la kuchekesha, kama mlinzi anayeamka kila baada ya muda kuhakikisha kwamba bado anaruhusiwa kulala.

Turudi kwa mtoto na ugunduzi wake.

Kinyago cha Halloween kina bahati moja kubwa: kila anayekuja ni mgeni. Mtoto anatishwa mara moja, anacheka, anakwenda nyumba ya pili. Jitu letu linatisha wale wale, asubuhi na jioni, kwa mwezi mzima. Na kila kiumbe chenye ubongo, kikiona kitu kile kile kinarudi bila madhara, hujifunza kukipuuza. Wakulima duniani kote wanalijua hili. Hata mizinga ya gesi inayolipuka mashambani Ulaya na Marekani, ikilipuka kwa vipindi sawasawa, baada ya muda ndege huendelea kula pembeni yake.

Hilo nilikuwa nimelisoma, na nilijiona mjanja. Sikuweka vipindi sawa. Niliiambia programu ichague muda kwa nasibu, kati ya dakika 2 na 15. Sasa mtoto aliijuaje ratiba?

Kompyuta haina kete ya kurusha. Inachofanya ni hesabu inayotoa namba zinazoonekana hazina mpango. Chukua mfano mdogo unaoweza kuufanya kwa kalamu: anza na namba 1, izidishe kwa 5, ongeza 3, gawa kwa 16, na chukua baki tu. Unapata 8. Ifanyie 8 hivyo hivyo unapata 11. Kisha 10, kisha 5, kisha 12, kisha 15. Ukimwonyesha mtu 8, 11, 10, 5, 12, 15 hawezi kukisia kwa haraka inayofuata. Lakini ukianza tena na 1, utapata tena 8, 11, 10, 5, 12, 15, leo, kesho na mwakani. Ukianza na 4 unapata 7, 6, kisha 1, halafu unaingia kwenye mlolongo ule ule. Namba ya kuanzia huitwa mbegu.

Hesabu iliyo ndani ya Arduino ni kubwa zaidi, inazidisha kwa 16,807 na mzunguko wake una namba zaidi ya bilioni mbili, lakini tabia ni ile ile. Usipoipa mbegu, inaanza na 1 kila umeme unapowashwa. Na mwenye konde, kwa huruma ya betri, alikuwa akilizima Jitu kila magharibi na kuliwasha kila alfajiri. Kwa hiyo kila asubuhi lilianza na nasibu ya jana, sekunde kwa sekunde. Kwa siku sita mtoto alisikiliza wimbo mmoja, akaukariri.

Kama ndege nao waliukariri, siwezi kukuambia. Nina shaka. Nadhani wao walizoea mambo mengine, ambayo ni Jitu kukaa pale pale na mkono kwenda vile vile. Ila ratiba inayorudiwa haikuwa inatusaidia, na aibu ilikuwa yangu.

Dawa ya kwanza inayopendekezwa kila mahali ni kusoma pini ambayo haijaunganishwa na kitu. Pini kama hiyo inaokota kelele za umeme hewani, na kelele hiyo ndiyo inakuwa mbegu. Mezani kwangu mjini, penye nyaya za umeme ukutani, ilinipa namba tofauti kila mara. Kondeni, mbali na nyaya, namba zilikuwa zinakaribiana mno, na asubuhi mbili zilikuwa sawa kabisa.

Dawa iliyofanya kazi ni kumbukumbu. Chipu ina sehemu ndogo ya kilobaiti 1 isiyofutika umeme ukikatika. Kila ikiwashwa inasoma mbegu iliyoandikwa humo, inatengeneza mpya na kuiandika kwa ajili ya kesho. Sehemu hiyo inavumilia kuandikwa mara 100,000. Kwa mara moja kwa siku, ni zaidi ya miaka 270. Jitu litakuwa limekwisha oza, na mimi pia.

Tukaongeza na uamuzi wa pili wa nasibu: safari hii mkono tu, au debe tu, au vyote, na kwa sekunde ngapi. Sensa ndogo ya mwanga inaiambia chipu kwamba kumekucha, ili saa mbili za mwanzo vipindi viwe vifupi na usiku Jitu lilale. Na kila baada ya siku tatu au nne mtu analibeba na kulihamishia kona nyingine. Hilo la kubeba halina programu, na kwa maoni yangu linafanya kazi sawa na kila kitu nilicholehemu.

Gharama? Chipu, transista, dayodi, fyuzi, regyuleta na vikorokoro vyake havikufika shilingi 50,000. Mota tulipewa. Betri na paneli ndizo ghali, na hizo zikitoka kondeni zinawasha taa ya nyumbani miezi mingine yote ya mwaka. Ndiyo maana mwenye konde alikubali kuzinunua. Kwa ajili ya Jitu peke yake asingekubali, na angekuwa na haki.

Jitu halikumwondoa mtu kondeni kabisa. Alfajiri ya siku zile za maziwa, kundi likija kubwa, bado alihitajika mwenye sauti. Lakini kuanzia saa moja na nusu asubuhi bibi alibaki na Jitu, naye mjukuu akaenda skuli na kurudi alasiri kwa zamu ya pili. Konde moja kwa msimu mmoja halithibitishi kitu, hilo nalijua, na mavuno hatukuyapima kwa kulinganisha na konde lisilo na Jitu. Msimu ujao tunataka majitu mawili yanayofanana kwa kila kitu, moja la vipindi sawa na jingine la nasibu, na mtu wa kuhesabu ndege wanaotua kila robo saa. Jirani mmoja ameshatoa konde lake.

Mtoto ameomba yeye ndiye ahesabu. Tumemwambia sawa, lakini zamu za alasiri tu. Akauliza jitu lipi ndilo la nasibu. Hilo tumekataa kumwambia.